Mkwe Alilala Wapi Mwaka 1983?

Nyumbani kwangu Likoni tunalala watu wanne. Mmoja ni Mmarekani, wawili wako njiani kuwa Wamarekani, na wa nne ni mimi ninayelipa kodi. Tokeni za stima zikiisha usiku, anayetafutwa ni mimi. Gesi ikikata maharagwe yakiwa nusu, ni mimi. Lakini Wamarekani walipokaa kuandika sheria ya nani awe mtoto wao, jirani yangu, walimuuliza kila mtu katika ukoo huu isipokuwa mimi. Mama ana nafasi yake. Babu ana nafasi yake. Nyanya naye angeweza kupata yake. Mimi baba mtu, niliyelipa bili ya leba, nimeingia kwenye fomu kupitia dirishani: mume wa fulani. Basi.

Tuanze na huyo fulani. Mke wangu, Mama Neema, alizaliwa Iowa, Machi 1983. Usiniulize Iowa iko wapi. Mimi Marekani nilikuwa naijua miji miwili tu, New York na Hollywood, na huo wa pili nimeshaambiwa si mji. Baba yake, Mtaita wa Voi, alikwenda huko kusoma Septemba 1982, mkewe akiwa mja mzito. Binti akazaliwa hospitalini kwao, na Katiba yao, Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, ikamhesabu wao kwa kuwa kazaliwa kwenye ardhi yao. Mwisho wa 1985 wakafunga virago wakarudi Voi, binti hajatimiza hata miaka mitatu. Kiingereza alichorudi nacho ni neno moja, "no". Hilo amelitunza vizuri sana. Mimi ni shahidi.

Sasa mimi nilioa Mtaita. Hakuna mtu aliyeniambia naoa Mmarekani. Nilikuja kujua tayari tuna mtoto, siku natafuta cheti cha ndoa kwenye sanduku nikakutana na kitabu cha bluu chenye picha ya ndege mkali. Nikauliza, hii nini? Akasema, "Pasipoti yangu ya utotoni, imeisha." Akaendelea kuchambua mchele. Watu wenye bahati ndivyo walivyo, hawana haraka nayo.

Haraka nilikuwa nayo mimi. Nikapiga hesabu yangu hapo hapo. Mama Mmarekani, watoto Wamarekani, mimi baba wa Wamarekani. Kwetu mtoto hufuata baba, lakini nikasema safari hii wafuate mama, mimi sina ubishi. Miaka ikapita, tukapata na Baraka, na mimi huku kwenye kibanda cha kahawa nimeshawatangazia watu. Mama wa mahamri akaanza kuniita "Baba Obama". Nikamwachia.

Tulipokuja kuuliza kwa wanaojua, tukakalishwa chini tukasomewa. Mtoto akizaliwa nje ya Marekani, mzazi mmoja raia wao na mwingine mtu wa kawaida kama mimi, wameoana, basi yule raia awe aliishi ndani ya Marekani miaka mitano kabla mtoto hajazaliwa, na miwili kati ya hiyo awe ameshatimiza miaka 14. Kuishi si kuwa na anwani. Ni mwili wenyewe kuwa kule. Mama Neema anayo miwili na miezi, na yote ya nepi. Alipotimiza 14 alikuwa Voi anachota maji. Kwa hiyo Neema na Baraka hawakuzaliwa Wamarekani. Walizaliwa Wakenya wa kawaida, wa foleni ya feri.

Nikuambie ukweli? Nilitoka pale nimefurahi. Nilikuwa nimeshaanza kusikia harufu ya gharama.

Aliyeniharibia furaha ni kijana wa saiba. Kijana mdogo, ndevu zenyewe bado zinashauriana kama zitoke. Nilikwenda kujaziwa ritani, nikawa namlalamikia huku anachapa. Akaniuliza bila kugeuka, "Mzee, na babu yao je?"

"Babu yao amefanya nini?"

"Yeye ni raia?"

Ni raia. Mkwe alipata ile bahati nasibu ya grinikadi mwaka 1997, akaingia 1998, akawa mtu wa kwenda na kurudi kwa sababu ya posho mill yake, hataki kumwachia mtu. Mwaka 2003 akala kiapo, akapata uraia, akarudi Voi na koti zito ambalo mpaka leo anafunikia jenereta.

"Basi mmepona," akasema kijana.

Akanieleza, na mimi nakueleza nilivyoshika. Kuna kifungu chao, namba 322 cha sheria ya uhamiaji, kilivyoandikwa upya na sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001. Kifungu hicho kinasema mzazi raia akipungukiwa na ile miaka mitano, mtoto anaweza kuazima ya babu au ya nyanya, upande wa yule mzazi raia. Babu awe raia. Naye awe alikaa kule miaka mitano, miwili baada ya kutimiza 14. Si lazima iwe mfululizo. Si lazima awe alikuwa raia wakati anaikaa, hata ile ya uanafunzi inahesabiwa. Hata kama amefariki hakuna neno, mradi alikufa akiwa raia na miaka yake imetimia. Mtoto awe chini ya 18, anaishi nje ya Marekani na mzazi wake raia. Fomu inaitwa N-600K.

Nikamuuliza, "Na baba?"

"Baba gani?"

"Baba wa mtoto."

Akatazama skrini. Akapandisha, akateremsha. "Wewe utaleta cheti cha ndoa," akasema.

Haya. Sasa naomba uelewe hapa, maana wengine mmeoa jirani mnacheza bao na wakwe zenu. Mimi na mkwe wangu hatuzoeani. Tunasalimiana kwa adabu, nainamisha kichwa, naulizwa habari za feri, najibu feri iko, tunanyamaza mpaka chakula. Hiyo ndiyo heshima yetu na imetufaa miaka yote. Sasa niende kwa mzee wa namna hiyo nimwambie nini? Shikamoo Baba, naomba uniorodheshee sehemu zote ulizolala tangu 1982, na ushahidi?

Nilimwomba Mama Neema aulize yeye, ni baba yake. Akasema, "No."

Nikaenda Voi. Nikakalishwa kile kiti kifupi, kila nyumba ya ukweni inacho. Kuku akachinjwa. Nikazunguka na maneno, nikaanzia kwenye mvua, nikapita kwenye bei ya unga, nikagusa Marekani kwa mbali. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mkwe wangu, miaka unayoitafuta ninayo. Iko kwenye sanduku. Sanduku lina ufunguo. Na ufunguo unasubiri mbuzi."

Jamani. Mahari.

Nilipooa nilibakisha mbuzi watano na blanketi la nyanya. Si kwa ubaya, maisha tu. Kila mwaka nilisema mwakani. Mzee hakuwahi kunidai, nikadhani amesamehe. Kumbe alikuwa anasubiri siku nitakuwa na shida na karatasi. Na huyu ndiye mzee aliyedai cheti changu cha KCSE kwenye kikao cha mahari! Mjomba wao akakisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima, D ya kujumlisha, na mtu mmoja nyuma akauliza kama ile ya kujumlisha ina maana imeongezwa kitu.

Nikashuka Mariakani, mnadani. Wewe umenunua mbuzi siku hizi? Usijaribu. Nilipata watatu kwa pesa niliyokuwa nimeweka ya kubadilisha mabati, nikawasafirisha Voi, mmoja akanila mkono wa shati njiani. Mzee akawakagua meno. Akafungua sanduku. Akasema wawili waliobaki na blanketi atanivumilia, lakini si kwa muda mrefu.

Mle sandukuni kulikuwa na pasipoti zake za zamani, mihuri ya kuingia na kutoka, na rekodi ya masomo yake, wao wanaita transkripti. Nikambebea kijana wa saiba. Akajumlisha ile ya 1998 mpaka 2003, akatoa safari zote za posho mill, ikabaki miaka miwili na nusu na siku kidogo. Akaongeza ya uanafunzi. Muhula wa kwanza 1982 upo. Mwaka 1984 upo. Mwaka 1985 upo. Akasimamisha kalamu.

"Mzee, 1983 hakuna kitu."

Kweli hakuna. Mwaka mzima, hakuna somo hata moja. Kabla yake kuna D ya hesabu, kisha kimya, kisha 1984 anaanza upya. Na ukiutoa 1983, hesabu inapungua miezi miwili tu kufika mitano. Miezi miwili! Mtu umeshatoa mbuzi watatu.

"Muulize 1983 alikuwa wapi," akasema kijana. Anasema tu. Hana mkwe, ana kompyuta.

Nikarudi kwenye kiti kifupi. Mzee akakunja uso kidogo, akasema alikuwa Chicago. Utafiti. Profesa wake alimtuma. Mama mkwe akaitikia kutoka jikoni, "Ndiyo, utafiti. Mimi nikabaki Iowa na kichanga kwenye theluji." Akasema kwa fahari kabisa, kama mke wa mtu mwenye elimu. Nikauliza kwa heshima kama kuna karatasi ya huo utafiti. Mzee akasema profesa alikufa nayo.

Kijana wa saiba hakukata tamaa. Kumbe Wamarekani wana idara yao ya hifadhi ya jamii inayoweka kumbukumbu ya kila senti mtu aliyokatwa kwenye mshahara, mwaka kwa mwaka, na ukilipia wanakupa orodha yenye jina la mwajiri na anwani yake. Mwenyewe asaini. Akisaini wanatuma. Watu hawa wanakumbuka, jirani yangu. Mimi mwajiri wangu hapa hakumbuki mshahara wa mwezi uliopita.

Mzee alisaini kwa furaha. Alidhani orodha itaanzia 1998, alipokuwa anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzia wazee, kazi anayojivunia. Akaagiza bahasha ikija ifunguliwe mbele ya familia yote, wajukuu wasikie babu yao alivyohangaika. Ikaja. Tukajaa sebuleni Voi. Mashemeji wakaja. Miwani ya mzee ikawa haionekani. Mama Neema akasema mkono wake una unga. Karatasi akapewa nani? Akapewa mtu asiye na kazi yoyote katika sheria hii.

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti, nikijitahidi matamshi, maana watoto walikuwepo. Mwaka 1983. Mwajiri. Chicago, Illinois. Mkahawa wa samaki.

Nikanyamaza. Lakini nilikuwa nimeshasema.

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akauliza, "Utafiti wa samaki?"

Hakuna aliyejibu. Shemeji mkubwa akaanza kuangalia simu iliyozimwa. Basi mzee, hapo hapo, mbele ya wajukuu aliowaita mwenyewe, ikambidi aeleze. Ile D ilimnyang'anya ada ya ufadhili. Aliona haya kumwambia mkewe, ana mimba, wamevuka bahari kwa ajili ya shule. Akapanda basi kwenda Chicago, akaosha sahani mwaka mzima, akarudi Januari akalipa ada, akamaliza. Utafiti ulikuwa ni sabuni. Siri hiyo kailinda zaidi ya miaka arobaini. Ikafichuliwa na mkwe mwenye D ya kujumlisha.

Ungedhani sasa tumelingana, mimi na yeye, tungecheka pamoja. Mimi nilitabasamu kidogo tu, nakuapia, pembeni ya mdomo. Akaniona. Akasema, "D yangu imewapa watoto wako Marekani. Yako imewapa nini?"

Chakula cha jioni nililetewa strungi bila kitafunio. Kuku yule niliyemsikia akilia mchana sikumwona tena. Mama mkwe akampelekea mzee sahani tupu akamwambia aioshe, akiimaliza aifanyie utafiti. Na njia nzima ya kurudi Mama Neema aliniuliza swali moja tu, kama kulikuwa na ulazima wa kusoma kwa sauti. Lakini miaka imetimia. Mitano na zaidi. Kijana wa saiba alishangilia.

Basi nikadhani tumemaliza. Ndipo bei ikaja.

Tangu Aprili 2024, fomu hiyo ni dola 1,385 ukipeleka ya karatasi, dola 1,335 ukijaza onlaini. Kwa mtoto mmoja. Hairudishwi, hata wakikataa. Mimi watoto ninao wawili, na dola haijawahi kunihurumia. Ukizidisha inakaribia laki tatu na nusu za Kenya. Nilimuuliza kijana kama hakuna bei ya familia. Akacheka mpaka akafunga printa.

Hiyo ni fomu. Uraia wenyewe haufuatwi hapa. Mtoto anatakiwa afike Marekani kwa miguu yake, aingie kihalali, ahojiwe na afisa wa uhamiaji kule, apewe cheti kule. Kwa hiyo anahitaji viza. Viza ya matembezi, dola 185 kila kichwa. Na sikiliza mahojiano ya viza yalivyo, maana mimi yamenizidi. Mtoto anaulizwa, unakwenda kufanya nini? Anajibu, kuwa Mmarekani. Anaulizwa, ukishakuwa Mmarekani utafanya nini? Anatakiwa ajibu, nitarudi Likoni. Na ni kweli, njia hii ni ya mtoto anayeishi nje, lazima aonyeshe atarudi. Ule mlango wa kuhamia moja kwa moja ni mwingine. Huo mama anawaombea watoto viza ya uhamiaji, wakiingia wakakaa naye huko na bado hawajatimiza 18, uraia unakuja wenyewe. Lakini Mama Neema kuhamia hataki. Anasema hawezi kukaa mahali ambapo baba yake aliosha sahani na yeye hakuambiwa.

Mimi siendi. Nani alinitaja? Ningehitaji viza yangu, tikiti yangu, na nikiulizwa nakwenda kufanya nini ningesema nasindikiza cheti cha ndoa.

Juzi nilikuwa nayalalamikia haya kibandani, nimekaa kwenye kreti, nahesabu dola kwa sauti. Jirani yangu Mpemba, mvuvi, alikuwa amenyamaza na kahawa yake. Wapemba wa pwani yetu unajua habari zao. Wamekaa hapa vizazi, bila vitambulisho, mpaka serikali ilipowatambua mwaka 2023. Wamakonde walitangulia, hao ilibidi 2016 watoke Kwale waandamane kwa miguu kwenda Nairobi. Akaniambia, "Yakhe, baba mkwe wako kaosha sahani mwaka mmoja, wajukuu wanapewa Marekani. Babu yangu mimi kavua bahari hii hii tangu ya Mngereza. Nilipokwenda kuomba kitambulisho wakaniuliza babu yako alikuja na karatasi gani. Nikawaambia alikuja na dau." Akamaliza kahawa akaondoka. Kahawa yake nikalipa mimi.

Tuendelee na shida zangu, maana ndizo ninazozijua. Baraka ana 11, huyo hana neno, aliye chini ya 14 kwa kawaida husamehewa kiapo. Kesi ni Neema. Amevuka 16, na kila kitu kinatakiwa kimalizike kabla hajatimiza 18. Si kupeleka fomu. Kumaliza: mahojiano, kiapo, cheti. Akiamka siku hiyo ana 18 na kiapo bado, babu, samaki, mbuzi, vyote vimekwenda na maji. Kwa hiyo amekazana na kiapo chenyewe. Anakisoma sebuleni kwa Kiingereza cha puani. Mle ndani mtu anakana utii kwa mfalme yeyote na dola yoyote ya kigeni. Jana nimemwambia aoshe vyombo. Akaniangalia akauliza, "Baba, kwani wewe ni dola ya kigeni?" Mama yake akacheka mpaka akakaa.

Nikaogopa, nikadhani Ukenya unapotea. Kijana wa saiba akanituliza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 16, inasema aliyezaliwa Mkenya hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Wenzetu Watanzania ndio wenye shida, kwao mtu mzima hana ruhusa ya kushika mbili. Hapa kwetu unatakiwa tu ukatangaze serikalini ndani ya miezi mitatu. Usipotangaza, ni kosa la jinai. Nikauliza atakayekwenda kupanga foleni ya kutangaza ni nani. Nyumba nzima ikaniangalia.

Halafu kuna kodi. Mmarekani popote alipo, mapato yake yakifika kiwango chao, anatakiwa kuwajazia wenyewe ritani. Hata akiwa Likoni. Neema anauza mabuyu shuleni, nimemwambia aanze kuweka risiti. Baraka akifika 18 jina lake litatakiwa kwenye orodha yao ya vijana wanaoweza kuitwa jeshini. Huyo Baraka anayeogopa kwenda choo cha nje usiku.

Na kitu cha mwisho ambacho kijana alinidokezea nikiwa tayari nimeshika mlango. Neema akiolewa hapa hapa, akazaa hapa hapa, bila kwenda kuishi kule ile miaka yake, wajukuu wangu watakwama hapo hapo alipokwama mama yao. Watatafuta babu wa kuazima miaka. Nyanya yao ana miwili ya nepi. Babu yao ni mimi. Nilimuuliza kijana mimi nina mingapi. Akasema, "Mzee, wewe huna hata dakika."

Kwa hiyo wewe unayesoma hapo na chai yako. Kama mwenzako ana kitabu cha bluu kilichoisha, na baba yake au mama yake ni raia aliyekaa kule hata kwa vipande vipande, kaulizeni sasa, mtoto akiwa bado ana 12 au 13. Msisubiri 17. Mwambieni mzee asitupe pasipoti iliyokatwa pembe, asichome rekodi ya shule hata kama ina D. Bahasha yoyote ikija, someni kimoyomoyo.

Na mwenye mbuzi wawili majike wa bei ya ndugu, Likoni mpaka Mariakani, anitafute. Blanketi nimeshapata. Mkwe hapokei M-Pesa.